Kipandio cha Inchi Tatu

Goba, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanaidi,

Barua huanzaga kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, maana nusu saa haijapita tangu nikuone unashuka ngazi na mama yako kwenda kunyolewa nywele, umenuna kama mtu anayepelekwa kuchomwa sindano. Ya kwangu utaijua ukisoma. Nimebaki kibarazani peke yangu na daftari lako moja la zamani, nimechana kurasa za katikati, naandika kwa ile penseli yangu ya kuchorea mbao. Ndiyo maana mwandiko umekuwa mnene hivi.

Usiisome leo hata ukiiona. Nitaiweka chini ya maandazi, kwenye mfuko utakaopakata. Isome basi likishapita Chalinze, ukiwa umeshachoka kuchungulia dirishani.

Habari za ndoo, reki, godoro na shuka za rangi ya bluu sizigusi. Mama yako ameishika ile karatasi ya shule tangu Jumatatu, anaisoma kwa sauti kama hakimu. Habari za wavulana nazo kazichukua yeye, na kwa jinsi alivyoziongea jana, nadhani hata wavulana wenyewe wamesikia huko waliko. Mie nimebakiwa na jambo moja.

Jumatano mlikuwa chumbani mnakunja nguo, mie napita koridoni na maji. Mama yako akakuuliza, huko Kidato cha Tano, na hayo masomo yako ya fizikia na kemia na hisabati, ukikuta hayaeleweki itakuwaje? Ukamjibu, "Nisipoelewa nitanyamaza, nitakomaa mwenyewe. Kwani baba huwa anauliza?"

Mama yako akacheka. Wewe hukusema kwa kunisengenya, ulisema kwa kunisifu, na hapo ndipo paliponiuma. Niliitua ndoo nikasimama pale koridoni kama mgeni aliyesahau alichofuata. Mwanangu, unaondoka na ugonjwa wangu ukidhani ni nguo ya sikukuu. Nimekaa siku tatu natafuta namna ya kukwambia kwa mdomo, nimeshindwa, mdomo wangu haujazoea. Basi nakuandikia.

Kweli mie siulizi. Nilifundishwa hivyo. Nilipomaliza darasa la saba pale Tandale nilishikwa mkono na Fundi Kombo, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alinifundisha timazi, alinifundisha kuchanganya zege, na alinifundisha kanuni moja ambayo mafundi wote wa mji huu wanaijua hata kama hawajawahi kuambiwa. Fundi hasemi sijui. Bosi akikuuliza kitu, jibu ni "haina shida bosi", halafu utajua mbele ya safari. Ukisema sijui, kesho yake unakuta fundi mwingine anapima kiwanja chako. Nimeishi na hilo neno miaka ishirini na zaidi. Limenilisha, sikatai. Ila nimelitumia mpaka mahali ambapo hapakuwa na bosi.

Unaikumbuka siku ya fumbo la hamsini? Ulikuwa darasa la sita. Nilikuwa napiga plasta ukuta wa jikoni, juu ya ngazi ya mbao, ukaja na daftari, hili hili nililolichana leo. Swali lilisema hivi: namba mbili ukizijumlisha unapata hamsini, na moja imeizidi nyingine kwa nane, zitafute namba hizo. Ukaniuliza unaanzia wapi.

Mie sikujua, Mwanaidi. Naandika polepole ili nisiliruke hilo neno. Sikujua unaanzia wapi. Lakini nilikuwa na mwiko mkononi na kofia kichwani, na mtoto wangu ananiangalia kwa macho yale, nikajibu pale pale. Hamsini toa nane, arobaini na mbili. Basi moja ni arobaini na mbili, nyingine ni nane. Ukijumlisha si hamsini? Haya, andika.

Ukaenda, ukarudi. Ulisimama mlangoni ukasema kwa adabu kabisa kwamba arobaini na mbili haijaizidi nane kwa nane, imeizidi kwa thelathini na nne. Mtoto wa miaka kumi na mbili. Ulikuwa umeliona kosa kwa macho yako mawili. Na mie badala ya kuteremka kwenye ngazi nikae nawe chini, nikakukaripia: "Nani kaanza kuhesabu, mie au wewe? Andika hivyo hivyo." Ukaandika. Kesho yake nilipokuuliza umepata ngapi, ukaniambia, "Nimepata, baba." Nikafurahi nikaenda zangu kazini. Tangu siku ile hukuniletea tena daftari, na mie mjinga nikawa natamba kwa mafundi wenzangu kwamba binti yangu ana akili, hahitaji hata msaada.

Mwezi uliopita ulipokuwa unasafisha lile boksi la chini ya kitanda, ulitupa madaftari kwenye jalala la uani. Mie niliyaokota nikawashie jiko. Nikafungua moja. Nikaikuta arobaini na mbili na nane, kwa mwandiko wako wa kitoto, na juu yake mkasi wa kalamu nyekundu, alama ya kosa, uliokwenda kona mpaka kona. Chini yake ukaandika sahihisho. Na chini ya sahihisho mwalimu kaandika: nani amekufundisha hivi? Mbele yake wewe ukajibu, kwa penseli: nilikosea mwenyewe.

Nilikaa chini pale pale jalalani. Kwa umri ule wewe ulinisitiri. Ulijua baba yako kakosea, ukaubeba mkasi wangu darasani, ukarudi nyumbani ukaniambia umepata ili nisiaibike. Nililia, sikufichi. Mama yako alipotokea uani nikamwambia moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Tangu siku ile daftari lako limekuwa linakwenda na mie Tegeta, kwenye nyumba tunayoijenga. Wenzangu wakila, mie nakaa juu ya mifuko ya saruji nafanya mafumbo ya darasa la sita. Wananiita profesa. Wacha waniite. Lile sahihisho lako nililisoma mara nyingi sana, unaona umeandika: tuseme namba ndogo ni n, kubwa ni n na nane. Nikawa nakasirika. Unasemaje kitu ni n na hukijui? Kwangu mie kitu usichokijua unakifunika turubai, hukipi jina.

Halafu nikakumbuka siku yako ya saba. Ulikuwa umefungwa kwenye khanga, jicho moja limegoma kufunguka, hatujui utakuwa mpole au mtundu, utatupenda au utatukimbia. Hatukujua hata kitu kimoja. Na tukakupa jina, tukachinja, watu wakala wakaondoka. Hatukusubiri tukujue kwanza. Tulikupa jina ndipo tukaanza kukujua, na mpaka leo hatujamaliza. Nilipofika hapo ile n ikaacha kunitisha.

Nikachora kuta mbili kwenye mchanga. Mmoja una kozi nane za tofali, yaani safu nane, kuuzidi mwenzake, na tofali zote zilizopangwa ni kozi hamsini. Nikasema, hebu nizitoe zile nane za juu ili kuta zilingane. Zikabaki arobaini na mbili. Arobaini na mbili yangu! Nikaigawa kwa kuta mbili, kila mmoja ishirini na moja. Nikarudisha zile nane kwenye ukuta mrefu, ishirini na tisa. Ishirini na moja na ishirini na tisa, hamsini. Nilicheka peke yangu mpaka fundi wa nondo akaniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Unaelewa kilichonichekesha? Siku ile jikoni sikuwa mbali. Hatua ya kwanza niliipata sawasawa. Ningesema tu, "Mwanangu, hapa nimefika arobaini na mbili, mbele sijui, hebu tuangalie wote," wewe uliyeliona kosa ungelimaliza. Tungemaliza pamoja. Nilisimama katikati ya njia nikasema nimefika, kwa sababu niliona haya kuonekana naendelea kutembea.

Sasa twende kwenye ngazi, na hapa naomba uvumilie.

Hii ngazi ya nyumbani kwetu unaijua kwa mguu. Vipandio tisa vya inchi saba, halafu kile cha mwisho juu kabisa, kifupi, inchi tatu tu. Maisha yako yote nimekwambia nilikijenga makusudi, ni mtego wa wezi, mwizi akipanda haraka anatupa mguu, anaanguka, tunaamka. Nimewaambia majirani hivyo. Baba Neema akanisifu, akasema sie watu wa pwani tuna akili za ajabu, akataka na yeye nimjengee ya kwake. Nikaenda nikamjengea. Kitu nilichokikosea bure, ikabidi nikae nikipime vizuri ili nikikosee tena sawasawa.

Hakuna mtego, Mwanaidi. Hapakuwahi kuwa na mtego. Ulikuwa na miaka sita, tulikuwa tumechoka kupanga, nikataka tuhamie kabla ya Ramadhani. Kilima chetu unakijua. Kutoka chini mpaka kibarazani ni inchi sitini na sita. Sikupima kwanza. Nilianza chini, inchi saba, inchi saba, kama alivyonifundisha Fundi Kombo, anza tu mbele utaona. Nilipofika cha tisa nikaona. Zilikuwa zimebaki inchi tatu. Dawa ilikuwa kuvunja yote na kuanza upya. Mie nikaziba inchi tatu zangu kwa zege, nikapiga sakafu, nikatunga hadithi ya mwizi kabla zege halijakauka.

Miaka kumi na moja hajaja mwizi hata mmoja. Aliyeanguka pale ni bibi yako.

Ulikuwa Kidato cha Pili, ulikuwepo. Bibi alikuwa na mwezi mmoja tu tangu tumtoe Tandale aje akae nasi. Alikuwa anapanda na sahani ya ndizi, asubuhi, jua kali, hakuna giza wala utelezi. Akanyanyua mguu inchi saba, pakawa na tatu, akaenda mbele kwa mikono. Kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika. Hospitali, mbele ya shangazi yako na wauguzi na wewe, nikamwambia, "Mama, na wewe nawe huangalii unapokanyaga." Akanijibu, "Kweli mwanangu, uzee." Wewe uliniangalia, halafu ukaangalia sakafu. Sijui ulikuwa unajua nini. Sijawahi kukuuliza, mie si huwa siulizi.

Bendeji ilipofunguliwa akarudi Tandale kwa shangazi yako. Akasema ngazi hazimfai. Hajakanyaga tena hapa. Tukienda kumwona anatupokea, anatupikia, anacheka, lakini ukimwambia twende Goba anasema jua kali.

Jana baada ya swala ya Ijumaa nilipitia kwake. Nilimkuta anachambua mchele, nikakaa kwenye kile kigoda chake cha chini, magoti yamenifika kidevuni, nikamwambia yote. Nikamwambia ngazi niliikosea, nilijua kuwa nimekosea, na siku ile hospitali nilijua pia. Nilifikiri atashtuka. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, halafu akasema, "Mie ngazi ile mbovu niliijua wiki ya kwanza. Nilishaizoea. Siku ile nilighafilika tu. Kilichonirudisha huku si ngazi, mwanangu. Ni lile neno lako pale hospitali."

Nilimwomba radhi kwa kumshika miguu, akaniambia niinuke namwaga mchele. Nikanawa, tukala. Nilipoaga akauliza wewe unaondoka lini, nikamwambia kesho kutwa alfajiri, akasema nikwambie usome. Basi. Sijui kama amenisamehe. Nitaendelea kwenda mpaka nijue.

Unaona sasa kwa nini niliiweka ndoo chini. Uliposema utanyamaza kama baba, mie nilimwona bibi yako yuko chini na sahani ya ndizi. Wewe unadhani kunyamaza ni ushujaa. Kwangu kulianza hivyo hivyo, na kuliishia kwa mama yangu mzazi.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mafundi tunaipenda sana hiyo methali, maana ukuta ndiyo riziki yetu. Lakini sitaki nikuzidishie methali, mama yako kaniambia barua za kina baba zina methali nyingi kuliko habari. Nikwambie tu kilichonitokea wiki iliyopita. Pale Tegeta tuna injinia kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alileta mchoro wa ngazi ya kwenda juu, ngazi ya kona, vipandio vya pembe. Akaniuliza, "Fundi, umeielewa?" "Haina shida bosi" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi, naionja. Nikasema, "Hapa kwenye kona sijaelewa. Nionyeshe." Masikio yaliwaka moto. Nilisubiri anitazame kwa dharau, nilisubiri aite fundi mwingine. Akachukua tofali akalikalia, akachora chini, dakika kumi tukamaliza. Halafu akaniuliza yeye, kwa sauti ya chini, hivi mnajuaje zege limeiva bila kulipima? Nikamwonyesha. Hakuna kilichoanguka.

Sikwambii uwe wa kwanza darasani. Mie sijawahi kuwa wa kwanza hata kwenye foleni. Nakuomba tu, siku mwalimu anaandika ubaoni na wenzako wote wanaitikia kwa kichwa, na wewe ndani yako kumekuwa kweupe kabisa, huelewi kitu, nyanyua mkono. Wakicheka, waache wacheke, nusu yao watakushukuru kimoyomoyo. Na kama ni jambo lisilo la daftari, umeumwa, umeonewa, umekosea kitu kikubwa, umekosea kitu cha aibu, nipigie. Hata kama hujui unaanzia wapi. Lipe jina lolote, tutalifungua wote. Sitakuuliza nani kaanza kuhesabu.

Na nina dhamana ya kukupa, nisije nikaonekana nasema tu. Ndani ya barua nimekunja ukurasa mmoja. Ni fumbo la mwisho kwenye daftari lako, umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mtoto wake, na baada ya miaka kumi na miwili utakuwa mara mbili. Nimelipigania wiki nzima. Kila nikimkuza baba, mtoto naye anakua, sijui namshika nani kwanza. Nimefika katikati nikaandika pale chini, kwa mkono wangu mwenyewe: hapa sijui. Lisahihishe unirudishie kwa posta, na ukiona kosa weka mkasi, usinisitiri. Nina miaka arobaini na moja, nitastahimili.

Nawasikia mnapanda kutoka barabarani, mama yako anakusifia kichwa na wewe unalalamika masikio yametokeza. Namalizia haraka.

Kesho alfajiri tutalishusha tranka lako kwenye ngazi hii hii, mie mbele wewe nyuma. Nikirudi kutoka stendi navunja. Nimeshapiga hesabu, na safari hii nimeipiga kabla ya kuchanganya zege: sitini na sita gawa kwa sita, vipandio kumi na moja vya inchi sita sita, hakuna kinachobaki. Baba Neema nimeshamwambia ukweli, kanuna, na ya kwake nitamvunjia wiki ijayo.

Ila kuna jambo moja sitaweza kulirekebisha kwa nyundo. Leo nilikuangalia ulipokuwa unashuka na nilikuangalia jana ulipokuwa unapanda. Ukifika pale juu unanyanyua mguu nusu, bila kuangalia, bila hata kujua. Mguu wako umelizoea kosa langu. Kwa hiyo ukirudi likizo, utapanda ngazi iliyo sawa, na pale mwisho utajikwaa.

Nitakuwa nimesimama mlangoni, nitakudaka. Usiniambie kwamba hukuangalia unapokanyaga. Niulize, "Baba, hii ngazi imekuwaje?" Nami nitakujibu.

Baba yako